Dakika makumi mbili: Ellen La Motte na morali ya muuguzi wa jeshi

Leo sileti tangazo la kazi wala la bursi. Naleta kitabu. Ni kidogo, unakimaliza kwa siku mbili, kinapatikana bure kwenye intaneti kwa Kingereza, na kimepita miaka mia moja. Kinaitwa The Backwash of War. Aliyekiandika ni Ellen La Motte, muuguzi Mumarekani aliyevuka bahari kwenda kutunza masoda wa Ufaransa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Jina la kitabu linamaanisha yale maji machafu yanayobaki nyuma wimbi likiisha kupita. Kwa La Motte, wimbi njo vita, na maji machafu ni hospitali yake.

Nina sababu mbili za kukileta hapa. Ya kwanza, mimi mwenyewe ni infirmie. Nimefanya miaka kadhaa mu chumba cha waliopasuliwa hapa Bukavu, na jeraha la risasi si jambo la filamu kwangu. Ya pili, nimechoka na vile tunazungumza juu ya wauguzi wa vita. Tunawaita malaika. Tunawaita mashujaa. Siku ya kimataifa ya wauguzi, tarehe 12 mwezi wa tano, tunawapigia makofi, kisha kesho yake hakuna anayeuliza kama walilala.

Maoni yangu ni haya: sijasoma kitabu kingine kinachosema ukweli zaidi juu ya morali ya muuguzi wa jeshi aliye mbali na kwao. Lakini kuna mutu mumoja ambaye kitabu hiki hakimuoni vizuri, ingawa anapita mbele yetu karibu kila ukurasa. Na mutu huyo, sisi Wakongo, ni babu yetu.

1. Mwanamke na pahali

La Motte alizaliwa mwaka 1873 mu Louisville, jimbo la Kentucky. Alisomea uuguzi ku Johns Hopkins, mu Baltimore, akamaliza mwaka 1902. Kabla ya vita alikuwa mutu wa kifua kikuu: alitembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba, akapanga kazi ya wauguzi wengine, akaandika kitabu cha kazi hiyo. Kwa hiyo hakufika vitani kama musichana mwenye ndoto. Alikuwa amepita miaka makumi ine, anajua kifo kinafananaje.

Mwaka 1915 aliingia mu hospitali ya upasuaji iliyofunguliwa na Mumarekani mwingine, Mary Borden, kwa pesa yake mwenyewe, pale Rousbrugge, kijiji cha Ubelgiji karibu na mupaka wa Ufaransa. Mwenye kulipa alikuwa raia, lakini hospitali ilikuwa chini ya jeshi la Ufaransa: waganga wa jeshi, sheria za jeshi, wagonjwa wa jeshi. Mustari wa mbele ulikuwa kilometa chache tu, mizinga inasikika kutoka kitandani.

Kitabu kilitoka New York mwaka 1916. Uingereza na Ufaransa walikikataza. Marekani, ilipoingia yenyewe mu vita, ikakivumilia kwa muda, kisha mwaka 1918 kikaondolewa sokoni. Kilirudi 1934. Kumbuka jambo hili: serikali hazikusema kwamba La Motte anadanganya. Ziliogopa kwamba watu wakisoma, morali itashuka.

2. Kuponya ili nini?

Hadithi ya kwanza ya kitabu inaitwa "Heroes", yaani mashujaa. Soda mumoja amechoka na vita, amejipiga risasi mudomoni. Hakufa. Risasi imetoboa juu, imeng'oa jicho la kushoto. Wanamukimbiza ku hospitali kwa ambulansi mu barabara mbovu, anatukana na kulia. Pale hospitali wanapaswa kumutunza vizuri sana. Kumupasua, kumufunga vidonda, kumulisha, kukesha naye. Juu ya nini? Juu apate nguvu ya kusimama mbele ya tribunali ya jeshi, kisha mbele ya ukuta, apigwe risasi. Sheria haikubali kuua mugonjwa. Lazima apone kwanza.

Usiku, muuguzi wa zamu anawaza. Huyu namuponya ili auawe. Na hawa wengine, walio kimya mu vitanda vyao, wenye kuitwa mashujaa? Nawaponya warudi mu mitaro, wapasuliwe tena. Tofauti iko wapi? Jibu ambalo hadithi inatoa ni kwamba tofauti iko mu wazo kubwa: hawa wengine wanapigania taifa, yule hana wazo lolote. Kisha La Motte anatuonyesha hawa wenye wazo kubwa kitanda kwa kitanda: mumoja anataka sigara, mwingine anatoa maneno machafu, kila mumoja anatafuta raha yake ndogo bila kufikiri jirani anayeumia. Hawachukii. Anatuonyesha tu kwamba ni watu, na kwamba lile wazo kubwa halionekani popote mu chumba kile. Limebaki mu hotuba.

Hapa njo ninasema kitabu hiki kinaelewa morali kuliko vingine. Watu wanafikiri kinachovunja muuguzi ni damu. Apana. Damu unazoea kwa wiki mbili. Harufu ya kidonda kilichooza unazoea kwa mwezi, na La Motte anaieleza harufu ile vizuri kuliko kitabu chochote cha masomo nilichopewa. Kinachovunja ni swali: kazi hii inaenda wapi? Muuguzi wa kawaida akimutoa mugonjwa mulangoni, anamuaga. Muuguzi wa jeshi akimutoa, anamurudisha pale alipotoka. Kazi yake ikifaulu, mutu anarudi kufa. Ikishindwa, anafia hapa. Hakuna semina ya morali inayotatua hesabu hiyo.

3. Morali kama chakula cha jeshi

La Motte anaonyesha pia kwamba jeshi linashughulika na morali sana, lakini ya nani? Mu hadithi "Women and Wives", masoda wanaonyesha picha za bibi zao, wanalia kwa hamu. Bibi hana ruhusa kufika karibu na mustari wa mbele, kwani ataleta habari za nyumbani: deni, mutoto mugonjwa, shamba lililolala. Habari hizo zinashusha morali. Wanawake wengine, wasio bibi za mutu, jeshi linafumba jicho wakipita, kwani wao wanafurahisha. La Motte anaandika haya bila kupandisha sauti. Tunaoishi Kivu hatuhitaji maelezo marefu. Kila pahali kambi inapofika, tunajua ni biashara gani inafunguka pembeni.

Sasa muuguzi yuko wapi kati ya hao wawili? Anapaswa kuwa dada asiyeleta habari, mama asiyelia. Yeye mwenyewe ni sehemu ya chakula cha morali, kama kahawa na tumbako. Hakuna ukurasa ambapo mukubwa anamuuliza yeye: na wewe, moyo uko namna gani?

Halafu kuna "A Citation". Soda mumoja, Grammont, alikuwa kijana wa mitaani mu Paris, akaiba kidogo mu hoteli alipofanya kazi, wakamutupa mu Bataillon d'Afrique, kikosi cha waliohukumiwa. Ameumia tumboni vibaya sana. Anateseka muda murefu, na kitu kimoja kinamushikilia: medali. Akipewa medali, jina lake litasafishwa. Jenerali atakuja kumuvalisha. Leo, kesho, keshokutwa. Grammont anakufa. Jenerali anafika na medali baada ya dakika makumi mbili.

La Motte anaacha hadithi pale. Hatuambii kama Jenerali alikuwa mutu mubaya. Pengine gari lilikwama mu matope, pengine kulikuwa na mukutano. Msomaji anabaki na hesabu: mateso yote yale, na dakika makumi mbili.

4. Mama wa mutoto

Hadithi inayonisumbua kuliko zote ni "A Belgian Civilian". Ambulansi ya Waingereza inaleta mutoto Mubelgiji wa miaka kumi, ameumia tumboni kule Ypres. Kuna hospitali ya raia pahali pengine, lakini hii ya Wafaransa iko karibu, kwa hiyo wanamutupa hapa. Wafaransa wanakasirika: kitanda cha soda kimechukuliwa na raia, tena raia wa nchi ingine. Mutoto analia, anataka mama yake. Wanatuma mutu kumuleta. Mama anafika bila haraka. Ana kabare ndogo inayouzia masoda pombe, ana bwana, ana watoto wengine. Mutoto anakufa. Asubuhi mama anataka kurudi upesi, kwani biashara inalala.

Wafanyakazi wa hospitali wanamuhukumu mama yule, na nafikiri mwandishi anakaribia kuwafuata. Hapa sikubaliani naye. Muuguzi aliyetoka mbali anaona mama asiyekaa kando ya kitanda, anasema: moyo wa jiwe. Kwetu, mugonjwa hana hospitali bila mulinzi wake. Mama au dada njo anapika, anafua, anageuza mugonjwa, anatafuta dawa inunuliwe. Na kwa hiyo tunajua hesabu ya mulinzi. Nimeona mama wakiacha mutoto na kwenda sokoni saa kumi na moja asubuhi, juu bila kuuza ndizi leo hakuna pesa ya dawa jioni, na ku nyumba kuna wengine wanne. Mwenye kupita anaona mama ameondoka. Hajui ameenda wapi.

La Motte aliishi mu Ubelgiji kati ya Wabelgiji, lakini ndani ya hospitali ya Wafaransa, akiongea na Wamarekani. Hilo pia ni sehemu ya maisha ya muuguzi aliyetumwa mbali: unatunza mwili wa watu ambao jiko lao hukulijua. Na sisi tumekaa upande wa pili wa ukuta huo. Kwa miaka mingi Goma ilikuwa na hospitali ya jeshi la Wahindi wa Umoja wa Mataifa, na Bukavu ilikuwa na ya Wachina. Kati yao kulikuwa na wauguzi walioacha watoto mbali kabisa. Tuliona ukuta, waya na bendera. Sijui mwenzangu hata mumoja aliyewahi kuwauliza usiku wao unapitaje. Hata wao, sidhani waliuliza ya kwetu.

5. Ubaridi una bei

Sasa kosa la kitabu. La Motte anaandika kwa ubaridi. Hakuna "mimi" karibu kabisa. Muuguzi mu hadithi zake mara nyingi hana jina, hana kitanda, hana barua. Hatujui alikula nini, alilala saa ngapi, alimulilia nani. Mtu akitaka maisha ya kila siku, atafute Testament of Youth ya Vera Brittain, kitabu kilichotoka 1933. Brittain alikuwa musichana Muingereza aliyeacha masomo ku Oxford akawa muuguzi wa kujitolea, akatumwa Malta, kisha Étaples mu Ufaransa. Kwake utapata kila kitu: baridi, miguu iliyovimba, barua zinazongojewa, muchumba aliyekufa mwezi wa kumi na mbili 1915, ndugu wa pekee aliyekufa 1918. Kule Étaples walimuweka kwa muda mu chumba cha wafungwa Wajerumani waliojeruhiwa. Akawafunga vidonda watu ambao ndugu yake, upande ule mwingine, alikuwa na kazi ya kuwaua. Halafu mu mwaka 1918, mapigano yakiwa makali, familia ikamuita arudi kwa sababu mama yake amegonjwa. Alirudi. Dada wengi wanaosoma ukurasa huu watatambua simu hiyo: kazi yako ni muhimu, lakini nyumbani njo kunaamuru.

Brittain ananilisha zaidi. La Motte ananiamusha zaidi. Lakini ubaridi wa La Motte unawezekana kwa sababu moja ambayo kitabu hakitaji: alikuwa huru kuondoka. Mwaka 1916 aliondoka, akasafiri Asia, akaanza kuandika dhidi ya biashara ya afyuni. Simulaumu. Kuondoka kulimuwezesha kuandika. Ila msomaji ajue kwamba mutu anayecheka kicheko kikali namna hiyo ana tiketi ya kurudi mufukoni.

Na kuna mutu asiye na tiketi. Kila ukurasa kuna watumishi wa kiume wa chumba: wanaobeba mugonjwa, wanaomwaga ndoo, wanaofagia pamba yenye damu, wanaovaza maiti. Wagonjwa wanawatukana. Mu "La Patrie Reconnaissante", Marius, dereva wa taksi wa Paris anayekufa kwa siku tatu, anawapigia kelele kwamba ni wachafu waliojificha wasiende mbele. Mwandishi anawaonyesha wakivuta wakati, wakikula, wakipiga porojo karibu na mwenye kufa. Hatuingii mu kichwa cha hata mumoja wao. Mutu aliyeweza kumuwazia mwenye kujipiga risasi hakupata muda wa kumuwazia mwenye ndoo.

6. Mwenye ndoo ni babu yetu

Hapa njo nafika ku Kongo.

Mu Vita ya Pili ya Dunia, Force Publique ilituma hospitali ya vita kufanya kazi pamoja na jeshi la Uingereza. Waingereza waliiita kituo cha kumi cha kupokea majeruhi, cha Kongo ya Wabelgiji. Ilifika hadi Burma, inayoitwa leo Myanmar, na ilipokea majeruhi wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, masoda kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland. Divisheni ile ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 mu mvua za masika, njia zimekuwa matope, malaria inaangusha watu pamoja na risasi. Hospitali ilikuwa na Wazungu kama makumi mbili na Wakongo zaidi ya mia tatu.

Fikirini hesabu hiyo. Zaidi ya Wakongo mia tatu, wauguzi na wabebaji na wapishi na madereva, mbali na kwao kuliko La Motte alivyokuwa mbali na Kentucky. Kiswahili kilikuwa lugha kubwa ya divisheni ile. Nawaza soda wa Tanganyika anaamuka kutoka usingizi wa dawa, anasikia mutu wa Kisangani au wa Katanga akimuambia "pole, tulia" kwa Kiswahili kilichopinda kidogo lakini kinaeleweka. Hiyo ni morali. Haikuandikwa mu ripoti yoyote niliyosoma.

Wale walikuwa ma-infirmie mu maana ya juu kabisa iliyowezekana. Mu Kongo ya wakati ule mutu mweusi hakuweza kuwa munganga wa digrii. Tulifika uhuru 1960 bila Mkongo hata mumoja mwenye digrii ya udaktari. Kwa hiyo aliyekuwa na akili ya kupasua alishika taa wakati mwingine anapasua. Mu Force Publique adhabu ya fimbo ilikuwa bado halali. Na nyumbani, mwezi wa pili 1944, masoda wa Luluabourg, leo Kananga, waliasi, na kati ya mambo yaliyowasha moto kulikuwa uvumi juu ya chanjo ya jeshi. Yaani mwaka uleule Wakongo walikuwa wanashika sindano mu Burma, Wakongo wengine nyumbani waliogopa sindano ya mwenye kuwatawala. Muuguzi aliyesimama kati ya mambo hayo mawili angekuwa na kitabu kikali kuliko cha La Motte. Swali lake lingekuwa refu zaidi: naponya nani, kwa amri ya nani, na mimi nikirudi nitakuwa nani?

Kitabu hicho hatuna. Tuna vipande. David Van Reybrouck, mu kitabu chake juu ya Kongo kilichotoka 2010, aliongea na wazee wa vita, na mumoja wao alikuwa infirmie wa hospitali ile. Kurasa zile ni nzuri, lakini ni chache, na ni mugeni anayeuliza maswali. Halafu tuna picha moja ya mwezi wa sita 2022: mufalme Philippe wa Ubelgiji, mu Kinshasa, anamuvalisha medali koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka mia moja aliyetumwa hadi Burma. Waliandika kwamba ni wa mwisho aliyebaki hai.

Watu wengi walifurahi siku ile, na mimi nilifurahi kwa ajili ya mzee. Lakini nikiisha kusoma "A Citation", siwezi kuangalia picha ile bila kupiga hesabu. Vita iliisha 1945. Jenerali wa Grammont alichelewa dakika makumi mbili na La Motte akaona ni jambo la kuandikiwa hadithi. Wetu walingoja miaka 77, na wote isipokuwa mumoja walikuwa wamelala.

7. Kinachotuhusu

Kuna wenzangu watasema: kitabu hiki kinakatisha tamaa, usikipe wanafunzi wa uuguzi. Hiyo ilikuwa hoja ya serikali mwaka 1918. Mimi nasema kinyume. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba yeye ni malaika anavunjika usiku wa kwanza anapogundua kwamba amechoka, ana hasira, na mugonjwa ni mutu wa matusi. Atafikiri shida ni yeye. Aliyesoma La Motte atajua kwamba mutu mwenye elimu na uzoefu kumupita alisimama pale pale, akauliza swali lile lile, na asubuhi akabadilisha vidonda. Kwani hilo pia liko mu kitabu, ukisoma taratibu: yule aliyejipiga risasi alitunzwa. Swali halikupata jibu, na bendeji ilibadilishwa. Kama kuna morali ya kweli ya muuguzi wa vita, naiona pale, mu bendeji ile, kuliko mu medali.

Lakini tusisome kama wanafunzi wa La Motte tu. Tusome kama wajukuu wa mwenye ndoo. Kila mara chumba kinapoelezwa, tuulize: nani alifagia? Alitoka wapi? Alilala wapi? Aliweza kuondoka? Maswali haya yanafaa kwa kitabu cha 1916, yanafaa kwa hospitali za Umoja wa Mataifa tulizozipita kila siku, yanafaa kwa hospitali tunamofanya staji leo, ambamo mufagiaji anajua hali ya mugonjwa kabla ya munganga wa zamu na hakuna anayemuuliza.

Na jambo moja la mikono. Kati ya wasomaji wa ukurasa huu kuna wenye babu au babu mukubwa aliyekuwa infirmie wa Force Publique. Mu valizi ya bibi kuna karatasi: kitabu cha kazi, picha, barua, cheti chenye muhuri wa Wabelgiji. Ulizeni kabla panya hawajauliza. Piga picha ya karatasi pande zote mbili, andika jina lote, mwaka, pahali alipotumwa, na neno lolote alilosema juu ya usiku wa kule. Andika kwa Kiswahili kile tunachoongea, usingojee kitoke Kifaransa kizuri. Hata nusu ukurasa inatosha kuanza. Dakika makumi mbili zetu zilishapita zamani, lakini bibi wengi bado wanakumbuka.